Kuhesabiwa Kilimani

Tulikuwa kumi na mmoja pale njia panda, nje ya Mpwapwa,
umande bado haujaamua kuondoka.
Sechelela, aliyezoea watoto wa chekechea,
alitugusa begani mmoja mmoja.
"Kumi na mmoja. Nitarudi na kumi na mmoja.
Anayetaka kupotea, apotee jioni, nyumbani kwake."

Ndahani wa ofisi ya ardhi alivaa viatu vipya.
Tuliviona tangu mwanzo, tukanyamaza:
asiyefunzwa na watu hufunzwa na malengelenge.
Mama Yaledi, muuguzi mstaafu, alibeba
chapati kumi na saba, plasta,
na mwavuli usio na kitambaa, ndio fimbo yake.

Msitu wa huku haukupokei kwa ghafla.
Kwanza ni miiba, inakushika shati
kama jirani mwenye maneno.
Kisha miyombo, magome yamepasuka
kama visigino vya kiangazi.
Kisha kivuli, na ubaridi ndani ya kivuli,
na sote, hata Chibago,
tukashusha sauti kama walioingia wodini usiku.

"Upupu!" akapiga kelele wa mbele.
Kwake onyo lilikuwa limechelewa.
Alijikuna hadi korongo la mchanga,
akajipaka udongo, akaapa kwa mama yake
kwamba Jumamosi ijayo atalala.

Saa ya pili ya kupanda hakuna mwenye cheo.
Kuna mwenye maji na asiye na maji.
"Kumi na mmoja," alisema Sechelela kwenye jiwe.
"Kumi na mmoja," kwenye mti ulioanguka.
Nikaanza kuipenda ile namba.
Sijui lini mara ya mwisho
mtu alinigusa bega ili ajue tu kwamba nipo.

Ngome haikujionyesha kwa fahari.
Ukuta ulitokea katikati ya matawi
kama mtu aliyekatizwa akiongea.
Mzizi wa mkuyu umepita dirishani
bila kibali, bila hodi.
Upande wa bonde, matundu ya bunduki,
membamba, upana wa kiganja.
Ndahani, viatu mkononi, akaweka jicho.
"Naona bati la kwetu," akasema, akafurahi.
Kisha, polepole:
"Maana yake nao walikuwa wanatuona."

Hakuna aliyepiga picha kwa muda.
Hapa nao walihesabiwa, waliotutangulia:
vichwa, vibanda, ng'ombe, rupia,
mizigo, na mabega ya kuibeba.
Mabega yaliguswa, ndiyo.
Hakuna aliyehesabu ili arudi nao.

Kishindo ndani. Tukarudi nyuma hatua tatu.
Akatoka beberu, ndevu zimejaa majani,
akasimama kizingitini, pale alipokaa bwana mkubwa,
akatutazama kama wadaiwa wa kodi.
"Jamani," alisema Mama Yaledi, "kumbe bado yumo?"
Tulicheka mpaka Chibago akakaa chini,
mpaka machozi, mpaka kicheko
kikaanza kufanana na kitu kingine.

Nyuma ya beberu, mtoto, fimbo mabegani.
Masinjila. Miaka tisa, labda kumi.
Hakuelewa tunachochekea.
"Anapenda humu, jua likiwa kali.
Anawafukuza wenzake. Jioni namtoa kwa mkia."

Alikula chapati tatu, akakunja ya nne,
akatushusha kwa njia ya mbuzi,
fupi, yenye vumbi, isiyo na upupu.
Ndahani alitembea peku, anachechemea,
viatu vimening'inia shingoni kwa kamba zake.

Korongoni Sechelela akatupanga tena.
Alifika mwisho wa mstari, akasita,
akaanza upya kwa midomo tu.
Mtoto alikuwa amejipanga nyuma yangu,
kifua mbele, uso mkavu,
bega limeinuliwa kidogo, linasubiri.

Akamgusa.
"Kumi na wawili," alisema, na hakusahihisha.

Mbuzi hakuwahesabu.
Wale Masinjila anawajua kwa majina.